‘Tunaomba kutopiga picha’ au ‘tunaomba msipige picha’?

Msomaji ameona tangazo lisemalo ‘Tunaomba kutopiga picha’, naye anauliza kama ombi hilo ni sahihi, na kama ilipasa kuandikwa ‘kutokupiga’.

Kasoro ya tangazo hilo haimo katika umbo la kitenzi bali katika mtendaji wake. Kitenzi-jina, yaani kitenzi chenye ‘ku-’, hakibebi kiambishi cha nafsi, kwa hiyo kikifuata ‘kuomba’ bila kutajwa mtu mwingine, msikilizaji humchukulia mwombaji mwenyewe kuwa ndiye mtendaji. Anayesema ‘Naomba kutohudhuria kikao’ anajiombea udhuru. Anayesema ‘Naomba usihudhurie kikao’ anamzuia mwenzake. Kwa kipimo hicho, walioandika tangazo wameomba wao wenyewe wasipige picha, jambo ambalo sidhani kama lilihitaji kubandikwa ukutani. Wangeandika ‘Tunaomba msipige picha’, kwa kuwa hali tegemezi, yaani umbo la kitenzi la kuomba au kutaka jambo kama ‘mpige’, hutaja nafsi waziwazi na kukanushwa kwa ‘-si-’. ‘Tunawaomba wageni kutopiga picha’ hueleweka, maana wanaoombwa wametajwa, na husikika sana katika taarifa rasmi. Hata hivyo, mimi ningechagua ‘wasipige’.

Mahali pa ‘kuto-’ hasa ni pale ambapo mtendaji ni yule yule: ameahidi kutochelewa, tuliamua kutojibu. Aidha, hufaa pale kitenzi kinapotumika kama jina, kwa mfano ‘Kutofika kwako kumetusikitisha’.

Mwandishi aangalie pia asihamishe ukanushi. ‘Nilimwomba asije’ ni ombi lililotolewa, ilhali ‘Sikumwomba aje’ ni kukana kwamba ombi lilitolewa. Huyo wa pili akija, hajavunja neno la mtu.

Kuhusu umbo, ‘kutopiga’ na ‘kutokupiga’ yote mawili hutumika, ingawa la kwanza ni fupi na halipotezi chochote. Vitenzi vya silabi moja ndivyo visivyotoa nafasi ya kuchagua: husemwa kutokula, kutokuja, kutokunywa, wala si ‘kutola’ au ‘kutoja’. Sababu ni mkazo, ambao katika Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kiambishi ‘-to-’ hakipokei mkazo, kwa hiyo ‘ku’ hubaki ili kuupokea, kama inavyobaki katika ‘anakula’ na ‘atakuja’. Kinyume chake, ‘-si-’ huupokea bila taabu, ndiyo maana tunasema ‘usile’ na ‘msije’ bila ‘ku’.

Kiambishi cha mtendwa nacho hufuata ‘-to-’, hakikitangulii: kutomwambia, kutowasumbua. Na neno zima huandikwa pamoja. ‘Kuto piga’, linaloonekana mara nyingi katika ujumbe wa simu, ni kosa la tahajia.