Bomba likifika, chunga ndoo

Nimebeba maji kichwani tangu nikiwa na miaka saba, kwa hiyo mtu akiniambia maji ni uhai namwitikia tu. Kwangu mimi maji yalikuwa kilo 20, uzito wa dumu moja la lita 20. Wataalamu huhesabu lita hizo 20 kuwa kiwango cha chini cha mtu mmoja kwa siku. Nyumba ya watu sita, madumu sita. Sisi tulileta matatu, na kila mtu alijua nani ameoga na nani amenawa uso tu.

Kisima cha pampu kilipochimbwa karibu, kilichobadilika kwanza ni asubuhi. Namkumbuka mama amekaa kizingitini, ngata ameiweka kando, anashangaa kumbe jua ndiyo kwanza linatoka na maji tayari yamo ndani. Haikupita wiki mbili akawa amepanda mboga pale maji ya pampu yanapomwagikia. Dada zangu wakaanza kuwahi kengele ya shule, na wala hawakuwa wavivu kabla ya hapo.

Ila watoto waliendelea kuhara. Wengine wakaanza kuisingizia pampu. Siku moja akaja mhudumu wa afya, nasi tukadhani atakwenda kisimani. Aliingia ndani, akaomba maji ya kunywa, akamtazama mdogo wangu akizamisha kikombe kwenye ndoo, na vidole vinne navyo vikazama. Akapokea kikombe, asinywe. Akasema, "Kisima chenu kinachafukia hapa."

Basi nakushauri uanzie hapo. Maji ya kunywa yakae kwenye chombo chenye mdomo mwembamba na kifuniko, au ndoo yenye koki, ili yamiminwe na mkono usiingie. Chombo hicho kisifanye kazi nyingine, hata siku ya shughuli. Ukiwa na shaka na maji, yachemshe, na yakianza kutokota uhesabu dakika moja. Mnaoishi juu ya mita 2,000, dakika tatu. Kisha yafunike yapoe. Ukitumia klorini, subiri nusu saa kabla ya kunywa, na maji ya tope yachuje kwanza, maana uchafu huimaliza nguvu dawa. Na msidanganyike na weupe wa maji. Floridi, madini ya ardhini ambayo yakizidi majini huharibu meno, haionekani, na kuchemsha hakuiondoi. Kabla watu hawajaanza kunywa maji ya kisima kipya, yapelekwe yakapimwe.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Pampu yetu haikumaliza mwaka, ikagoma. Kilichokwisha ni mpira mdogo wa ndani, unaufumba kiganjani usionekane. Tulikaa wiki tano tukinywa maji ya mto kwa sababu ya kitu hicho! Kamati ilikuwepo, tena mimi nilikuwa katibu wake, lakini tulijiwekea utaratibu wa kijinga: pampu ikiharibika ndipo tuchange. Mtu aliyekwisha kurudi mtoni ana haraka gani ya kuchanga? Kila nyumba iliisubiri nyumba ya pili.

Changeni pampu ikiwa nzima, hata kama ni kidogo kidogo kila mwezi, na hesabu zisomwe hadharani. Vipuri vinavyolika upesi vikae kijijini tayari. Tafuteni vijana wawili wafundishwe kuifungua pampu, maana fundi wa mbali huja anapotaka.

Halafu uongozi msiwaachie wanaume peke yao. Kamati yetu ya kwanza tulikuwa wanaume saba, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akiteka maji. Mweka hazina wa sasa ni mama anayefika kisimani mara tatu kwa siku. Kila alfajiri anahesabu mpini umepigwa mara ngapi maji yakatoka. Ikizidi mara tano, anajua kuna mpira unaovujisha chini, na kabla dumu lake halijajaa amekwisha kumtuma mtoto akamwite fundi.