Maswali ya Lugha: «Såra» ni kujeruhi au kuudhi?

SWALI: Najifunza Kiswidi. Kwa nini «såra» hutumika kwa risasi na pia kwa maneno makali?

JIBU: Hutamkwa «sora», o ikivutwa. Shina ni «sår», yaani jeraha au kidonda; Kinorse cha kale, lugha iliyozaa Kiswidi, kilisema «sár». Huumiza mwili na moyo, kama «jeruhi» yetu. Ila chunga: aliyeumia ajalini ni «skadad». Ukisema «sårad», msikilizaji atadhani kapigwa silaha au kavunjwa moyo. Gari lililobonyea? «Skadad» tu.

Kichekesho kiko kwa majirani: neno hilohilo la maumivu ndilo «sehr» ya Kijerumani, «sana»! Wafini nao walilichukua zamani, likawa «sairas», mgonjwa.