Siko seli ya mdogo wako ilitoka wapi

Mwanangu, umeniuliza mbona mimi na baba yako wazima, we mzima, afu mdogo wako peke yake ndo ana siko seli, huu ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu kujikunja. Shangazi zako jibu walishalitoa zamani, eti damu ya kina mama. Haya nisikilize na mimi.

Seli za mwili wako zina kromosomu 46, yani nyuzi zinazobeba maelekezo ya mwili, ziko jozi 23, nusu zangu nusu za baba yako. Ila yai na mbegu ya kiume havibebi zote, kwenye kila jozi inaingia moja tu, kwahiyo yai lina 23 na mbegu 23, zikikutana inarudi 46. Sa jeni ya hemoglobini, yani maelekezo ya kutengeneza ile protini ya damu inayobeba oksijeni, iko kwenye kromosomu ya 11, na sisi wawili kila mmoja ana nakala moja nzima na moja yenye kasoro, herufi moja tu ya DNA imebadilika basi. Ukiwa na nzima hata moja huumwi, ndo maana hatukujua chochote mpaka yule alipoanza kuvimba vidole vya mikono na miguu, hata mwaka hajafikisha, analia ukimgusa tu. Ugonjwa unataka kasoro mbili, moja ya kwangu moja ya baba yako, kwahiyo hao shangazi waniache.

Huku kwenye malaria wabebaji, wenye nakala moja ya kasoro kama sisi, wamejaa maana nakala moja inamkinga mtoto na malaria kali, aliyelionyesha hilo mwaka 1954 ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya.

Watu wanasema ukishazaa mgonjwa mmoja watatu wanaofuata wako salama. Uongo mtupu. Kila mimba ni kurusha shilingi upya, robo mgonjwa, nusu mbebaji, robo hana kitu. Na we kwa vile huumwi ile robo ya wagonjwa tunaitoa, zinabaki robo tatu, mbili kati ya hizo ni za wabebaji! Yani kuna uwezekano mkubwa tu unabeba.

Kwahiyo kapime, na mchumba wako apime, kabla vikao vya harusi havijaanza. Yeye akiwa AA, yani nakala zote mbili nzima, hata kama we ni AS, yani mbebaji, hamna mtoto wenu atakayeumwa siko seli. Ila msikubali kile kipimo cha kuangalia tu kama seli zinajikunja, hakitofautishi mbebaji na mgonjwa, ombeni cha kutenganisha aina za hemoglobini, afu majibu nitumie picha.