Pindo, upindo au taraza: lipi liandikwe kwenye oda?

Swali: Mwalimu, tuna karakana ndogo ya mapazia na foronya za mito ya makochi hapa Moshi. Mteja akitaka nakshi ya uzi pembeni mwa kitambaa, mmoja wetu huandika "pindo la kudarizi", mwingine "upindo wa kutarizi", na vijana wa mashine husema "boda ya kufuma". Juzi pazia limetoka fupi kwa mkanganyiko huo. Tuandike lipi?

Jibu: Tuanze na pazia, maana ndiko hasara iliko. Upindo ni sehemu ya kitambaa inayokunjwa na kushonwa ili isifumuke. Pindo ni ule ukanda wa mapambo wa pembeni, kama kwenye kanga yenye pindo, mji na jina. Kamusi zinalikubali neno pindo kwa maana zote mbili, na mitaani wengi hawajali, lakini kwenye oda msiyachanganye hata siku moja.

Chukua pazia la sm 230 likishakamilika. Upindo wa chini wa sm 10 ukikunjwa mara mbili unakula sm 20, wa juu sm 10, kwa hiyo mkataji anakata sm 260. Sasa mteja ameagiza nakshi ya upana wa sm 12, karani akaandika "upindo sm 12". Fundi naye anakunja mara mbili, sm 24 zinakwenda, pazia linabaki sm 226 na nakshi haipo. Na kama nakshi ilishatiwa karibu na ukingo uliokatwa, inafichwa ndani ya mkunjo. Kwa vipimo hivi nakshi ianzie juu ya sm 20 kutoka kwenye ukingo huo. Mkiacha nafasi ya sm 3, ianzie sm 23.

Sarufi nayo ina mtego wake. Wingi wa upindo ni pindo: upindo umekunjwa, pindo zimekunjwa. Wingi wa pindo ni mapindo: pindo limedariziwa, mapindo yamedariziwa. Ukiandika "pindo 2" bila kitenzi, fundi ana haki ya kukunja. Andika "mapindo 2".

Taraza ni kitu cha tatu: utepe wa mapambo uliotengenezwa peke yake, kisha ukashonewa kwenye nguo. Ni neno zuri linalosahaulika. Mkilitumia, mshonaji atajua kwamba kuna vitambaa viwili, na vyote vifuliwe kabla ya kuunganishwa. Taraza ya pamba isiyofuliwa hurudi kwenye maji ya kwanza, ikavuta pazia likajaa mikunyanzi. Nyuzi zinazoning'inia chini yake si taraza, ni matamvua.

Kudarizi na kutarizi yote ni sahihi. Kutarizi limetoka kwenye Kiarabu, mzizi uleule wa tiraz, zile kanda za maandishi kwenye nguo za enzi za makhalifa. Chagueni moja mdumu nalo. Kwangu darizi, kwa kuwa ndilo wateja wenu wanalolisikia zaidi. Kufuma liacheni kwa kazi ya kulabu au sindano za kufumia, ambapo uzi wenyewe ndio unaozaa kitambaa. Mwenye kudarizi anakuta kitambaa kipo tayari. Najua Moshi nzima huita vyote "kufuma vitambaa". Sebuleni si kosa, kwenye oda ni kosa. Boda semeni tu mdomoni.

Basi oda isomeke hivi: "Foronya 4, sm 45 kwa 45. Pindo la majani ya masale, upana sm 5, lidariziwe kwenye kitambaa chenyewe kabla ya kushona, sm 2.5 kutoka mshononi, pande zote nne." Masale yanafaa sana hapo, maana ndiyo mimea inayopandwa mpakani mwa kihamba, shamba la ukoo la Wachaga. Hesabu nayo inakubali: upande wa nje wa pindo ni sm 40, toa sm 5 za kila pembe, zinabaki 30, yaani majani sita ya sm 5 pamoja na nafasi zake. Mchoraji akileta jani la sm 7, yanaingia manne na sm 2 zinabaki, na hapo ndipo mashine hukata jani la mwisho katikati. Ongezeni basi mstari mmoja kwenye karatasi: "urefu wa jani moja".