Kuandaa pambano la ngumi Arusha au Moshi: kibali, hela na vinavyokwamisha

Mkuu, umeuliza mawili: kibali cha usiku wa ngumi za kulipwa hapa Arusha kinaanzia wapi, na kama serikali inachangia chochote. Nianze na la pili, maana ni fupi: usiitegemee. Mfuko wa Maendeleo ya Michezo upo, na sehemu ya kodi ya ubashiri wa michezo huingia humo, ila walengwa wake ni timu za taifa na vyama vya michezo. Promota anahesabiwa mfanyabiashara. Kwa afisa michezo wa jiji au wa mkoa utapata barua tu, na barua hiyo usiidharau, ndiyo utakayoingia nayo polisi na kwa wenye uwanja.

Kibali chenyewe ni cha Kamisheni ya Ngumi za Kulipwa (TPBRC), na juu yake lipo Baraza la Michezo la Taifa (BMT), lililoundwa kwa Sheria Na. 12 ya mwaka 1967. Usianze na mabango. Anza na leseni yako ya promota, kisha peleka orodha ya mapambano: nani na nani, uzito gani, raundi ngapi, mikataba ikiwa imesainiwa na bondia mwenyewe, si kocha kwa niaba yake. Kamisheni itaangalia rekodi za wote wawili. Mwenye mapambano 20 dhidi ya anayeanza watakukatalia, na wako sahihi. Ukitaka kuchanganya ngumi na kickboxing usiku mmoja, elewa kwamba mateke yana chama chake na waamuzi wake, kwa hiyo unabeba vibali viwili. Kwa mara ya kwanza, achana nayo.

Uwanja: Sheikh Amri Abeid ni mali ya CCM, kwa hiyo kodi unaongea na chama, si na jiji. Moshi wengi hutazama Ushirika. Ila kwa ngumi ukumbi wa ndani ni bora kuliko uwanja wa wazi. Masika ya Aprili kila mtu anayajua. Wanayosahau ni umande wa Juni na Julai. Ikifika saa nne usiku turubai la ulingo limelowa, bondia anateleza, refa anabaki kubishana na kona (wasaidizi wa bondia) kama ile ni kuangushwa au kuteleza.

Sasa pale wengi wanapoanguka: dau, yaani malipo ya bondia. Promota anahesabu hela ya mlangoni, watu wanaingia kwa kadi za mwaliko, saa tatu usiku bondia wa pambano kuu yuko chumbani kavaa viatu na hapandi mpaka aone salio lake. Hesabu ya mlangoni weka sifuri. Lipa nusu mkataba unaposainiwa, nusu nyingine iwe mikononi mwa msimamizi wa kamisheni kabla ya kupima uzito, kwa maandishi. Bondia wa nje asiye mkazi, kumbuka kodi ya zuio ya asilimia 15, inayokatwa kwenye malipo yake. Iseme kwenye mkataba mapema, la sivyo utailipa wewe.

Kwa mapambano 8, yaani mabondia 16, andaa marefa wawili au watatu, majaji watatu mezani na mmoja wa kupokezana, mtunza muda, madaktari wawili na gari la wagonjwa. Magari mawili ni bora zaidi. Likiondoka moja na majeruhi na hakuna jingine, ngumi zinasimama mpaka lirudi, na mashabiki wenye bia mkononi hawana subira. Hospitali ijulishwe kwa barua kabla: Mount Meru kwa Arusha, KCMC kwa Moshi.

Vipimo vya damu (VVU, homa ya ini B na C) vifike kwa daktari siku kadhaa kabla, siyo asubuhi ya mzani. Wanawake waongeze kipimo cha mimba. Mzani uwe na stika ya Wakala wa Vipimo. Ule wa bafuni ukihamishwa kutoka sakafu ya saruji kwenda kwenye zulia unasoma tofauti, na ugomvi unaanzia hapo. Uzito wa lightweight ni kilo 61.23, welter 66.68. Mpaka hapo glovu ni aunsi 8, kuanzia juu yake aunsi 10. Nunua jozi mbili za akiba za kila saizi.

Bondia anayetoka Dar kuja Arusha, mita kama 1,400 juu ya bahari, hewa itamsumbua, hasa akiwa amejikausha kupunguza kilo. Mlete wiki mbili kabla kama hela ipo. Haipo? Mlete siku ya mzani tu. Siku tatu au nne kabla ndiyo mbaya, maana usingizi na pumzi bado vinayumba. Moshi iko chini zaidi, tatizo linapungua.

Ulingo ufungwe siku moja kabla. Pita juu yake bila viatu ukibonyeza kila ubao: panapobonyea ndipo kifundo cha mguu kitakapogeukia. Kamba ziwe nne, na vifungo vya wima kila upande, vinginevyo mtu anapita katikati na kuangukia meza ya majaji. Jenereta liwashwe kabla ya pambano la kwanza, lisingoje TANESCO wakate.

Aliyepigwa KO (kuangushwa akashindwa kuendelea) asipande basi la usiku. Alale karibu na hospitali, awe na mtu wa kumwangalia, na kichwa kikizidi kuuma au akianza kutapika apelekwe haraka. Msimamizi ataandika siku za kupumzika kwa lazima. Nakala yake mpe kocha mkononi, kwa sababu kocha ndiye atakayempeleka bondia huyo huyo kwenye pambano la mkoa mwingine wiki tatu baadaye.

Na kama mpinzani anavuka mpaka wa Namanga au Holili, barua ya ruhusa ya kamisheni ya kwao iombwe mapema. Mkenya hahitaji viza, lakini bila barua hiyo jina lake halipiti.