Nadharia tete si nadharia

Wengi huuliza kama haipothesia, au nadharia tete, ni jina jingine la nadharia, yaani maelezo yaliyokwisha kupimwa na kuungwa mkono na ushahidi mwingi. Hapana. Nadharia tete ni jibu la kukisia linalotolewa kabla ya kupima, na lazima ushahidi uweze kulikanusha. Mwaka 1847 huko Vienna, daktari Semmelweis alidhani homa ya uzazi, iliyoua wanawake baada ya kujifungua, inabebwa na mikono ya madaktari waliotoka kupasua maiti. Akawaamuru waoshe mikono kwa maji ya klorini, vifo vikashuka sana. Dhana yake ilipimika. Ukisema tu "huenda kuna sababu fulani", hizo ni porojo. Ila kwenye tasnifu usiandike matokeo "yamethibitisha" nadharia tete. Andika yameiunga mkono, kwa kuwa ushahidi mwingine bado unaweza kuikanusha. Wasimamizi wengi hulikataa neno "yamethibitisha", na wana haki.