Re: Mkate wa kila siku, ni chakula ya mwili ao ya roho?

Dada, umeuliza kama tunapoomba mkate katika Baba Yetu tunaomba chakula ya kweli ao kitu ya roho, juu sisi huku Goma hatukule mkate kila siku, tunakula fufu (ugali) na sombe (majani ya muhogo). Mi naona ni vyote viwili na usimwache mtu akukatalie moja.

Ya mwili ni ya kweli kabisa. Mama anayetoka Birere, mtaa wa hapa Goma, na kopo moja ya unga, ya leo tu, hana ya kesho, huyo anaomba hii sala na moyo wote, na Mungu hamuone kama mtu wa tamaa hata kidogo. Angalia Kutoka 16, mana, chakula yenye Mungu aliwapa Waisraeli katika jangwa, ilishuka kila asubuhi, wenye waliiweka mpaka kesho yake ikaoza ikatoka wadudu, isipokuwa ile ya kuingilia Sabato, njo Mungu alikuwa anawafundisha kumtegemea siku kwa siku.

Sasa ya roho: Yesu alisha kushibisha watu elfu tano, kesho yake wakamfuata tena, akawaambia yeye mwenyewe njo mkate wa uzima, Yohana 6:35. Kwa hiyo Wakatoliki wanaona pale komunyo, na Agostino, askofu na mwalimu wa Kanisa, zamani sana alisema huo mkate ni chakula, ni sakramenti, na ni Neno la Mungu pia. Paulo anaongeza katika 1 Wakorintho 10:17 kama wenye kula mkate moja ni mwili moja, basi jirani akilala njaa hiyo sala inakuhusu na wewe.

Soma Yohana 6 yote, usiishie kwa mustari moja.